Zamu ya Mwenye Mafua

Mume wangu ni fundi wa friji. Siku za kazi ukimtaka utamkuta kibandani kwake, amelala kifudifudi nyuma ya jokofu la mtu, tochi mdomoni. Jumamosi, siku ambayo wanaume wenye akili zao hupumzika, yeye huenda kufanya kazi nyingine iliyo ngumu zaidi, tena ya bure, kwenye klabu ya wapiga mbizi. Pale halipwi mtu, kuanzia mwenyekiti mpaka anayefagia banda, nao hulisema hilo kwa majivuno, utadhani kukosa mshahara ni cheo. Nimelisikia miaka nenda rudi na bado linanikera.

Jina lake huko ni Pampu. Alipewa siku alipoifufua kompresa yao, ile mashine ya petroli inayoshindilia hewa ndani ya mitungi, wakati wenzake wameshaikatia tamaa. Jina likamganda mpaka nyumbani. Kuna ndugu zangu wanaoamini ndilo alilopewa na wazazi wake, na mimi sijajisumbua kuwarekebisha.

Maji yao si bahari wala mto. Ni machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani. Maji ya ardhini yakapanda yakalijaza shimo, na leo pana ziwa la kijani lenye kuta zilizosimama wima na ngazi ya chuma ya kuteremkia. Chini kabisa, kwenye giza, kuna trekta ambalo wenye machimbo walilisahau au walilichoka. Kila mwanachama mpya akimaliza mafunzo hupelekwa na mzoefu mmoja akaguse usukani wa trekta hilo. Akirudi juu, basi ni mpiga mbizi kamili. Asipougusa anabaki kuwa mtu anayejua kuogelea na kuvaa nguo za kubana.

Kwa kuwa hakuna mwajiriwa, kila kitu pale ni zamu, na zamu zao hazina mchezo. Mmoja hukaa ukingoni na filimbi, na hakuna anayeingia wala kutoka majini bila kumwambia. Kazi hiyo imemwangukia mstaafu tunayemwita Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha magari. Mwingine huvaa vifaa vyote na kuketi juu ya mwamba, asizame, kazi yake kusubiri balaa. Na mwingine hufika alfajiri kujaza mitungi. Kila mtungi ukijaa, aliyeujaza hufungua vali kidogo, huinusa hewa, akiridhika hubandika utepe mweupe shingoni mwa mtungi. Utepe huo ukishabandikwa hakuna anayeuliza tena.

Kuna sheria nyingine moja, nayo ni ya mafua. Mtu mwenye mafua hazami. Pua ikiziba, masikio hayawezi kuhimili uzito wa maji, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka hata kwenye kina cha kuchekesha. Ila klabu ya watu wa kujitolea haina mtu wa kupoteza kwa siku nzima, kwa hiyo mwenye mafua habaki nyumbani. Hubadilishana zamu na yule wa kompresa. Wamefanya hivyo tangu klabu ianze, na wameona ni busara tupu.

Jumamosi ninayoisimulia, kitinda mimba wetu alikuwa anakwenda kugusa trekta. Binti mtu mzima, anafanya kazi kwenye duka la miwani, lakini tangu akiwa na meno ya utoto alikuwa akimfuata baba yake huko machimboni na kurudi amelowa. Alikuwa amemwomba baba yake ndiye ampeleke chini, na baba yake alikuwa ameshona upya mikanda ya vifaa vyake kwa ajili ya siku hiyo. Ijumaa jioni mafua yakamshika mume wangu. Alipiga chafya kumi na ngapi sijui mezani, kila moja na laana yake.

"Ahirisha," nikamwambia.

"Nani aahirishe? Daktari atampeleka. Mimi nitachukua zamu yake ya kujaza." Daktari ni daktari wa meno, mwenyekiti wao, mzoefu wa miaka mingi. "Mtoto keshajiandaa, mama watoto. Usimkatishe tamaa."

Kesho yake nami nikaenda machimboni na binti yetu, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara. Nilibeba chupa mbili za chai na moyo uliojaa manung'uniko. Tulipofika, mume wangu alikuwa ameshatangulia na kumaliza kujaza. Mitungi ilikuwa imepangwa kwenye ubao, kila mmoja na utepe wake, naye amekaa kando, macho mekundu, pua imevimba, leso mkononi.

Binti yangu alivaa, akajaribu mdomo wa kupumulia, akautoa.

"Baba, mbona hewa ina kaladha fulani?"

Mume wangu akauchukua, akauvuta puani, akauvuta tena. "Ni mpira. Si tumekununulia mdomo mpya? Harufu itaisha huko huko majini."

Akamrudishia. Mtoto akautia kinywani, akainua kidole gumba, akashuka ngazi nyuma ya Daktari. Mwalimu akapuliza filimbi yake fupi. Maji yakawafunika, na kilichobaki juu ni mapovu yao, mafungu mawili, yakisogea taratibu kuelekea kwenye boya la chungwa lililo katikati. Hapo ndipo kamba inaposhukia mpaka kwenye trekta.

Nikamimina chai. Wa kusubiri balaa siku hiyo alikuwa kijana wa posta wanayemwita Twiga, na huhitaji kuambiwa kwa nini. Nikampelekea kikombe juu ya mwamba wake. Kulikuwa na siafu pale alipokaa. Ili nipate pa kuweka kikombe, akaushika mdomo wake wa hewa, akabonyeza kitufe, akawapuliza wale siafu. Upepo ule ukanipiga usoni.

Ilikuwa harufu ya kusimama nyuma ya lori mlimani.

"Twiga, kuna gari linawaka hapa?"

"Hakuna, shemeji."

"Hebu bonyeza tena."

Akabonyeza. Nikaweka pua yangu pale pale. Moshi, moshi mtupu, umekunjwa ndani ya hewa.

"Wewe huisikii hii?"

"Naisikia," akasema, "lakini banda zima si linanuka hivyo? Nikadhani ni nguo." Akautazama utepe mweupe shingoni mwa mtungi wake, kisha akanitazama mimi. "Pampu ameunusa huu."

Niliuchukua mtungi mwingine ubaoni kwa mikono yangu mwenyewe, mzito kama nini, nikaukokota mpaka kwa mume wangu, nikamfungulia vali mbele ya uso.

"Nusa."

Akanusa. Akatikisa kichwa. "Sisikii kitu."

"Ndiyo. Husikii kitu!" Sauti yangu ilinitoka vibaya. "Husikii kitu, baba watoto! Tangu jana husikii kitu! Chakula umesema hakina ladha, sabuni umesema haina harufu, halafu umekaa hapa alfajiri unatunusia hewa!"

Niliuona uso wake ukibadilika. Aligeuka kutazama banda. Bomba la kuvutia hewa lilikuwa juu ya mlingoti wake, pale linapokuwa siku zote, na upepo, ambao siku zote hutoka upande wa machimbo, leo ulikuwa unatoka upande wa pili. Moshi wa injini ulikuwa umepelekwa moja kwa moja kwenye bomba. Siku nyingine yoyote angeusikia kabla mtungi wa kwanza haujajaa robo, akahamisha mlingoti, akaendelea na kazi. Sheria hizo mbili zimekaa pamoja miaka yote, ya anayejaza ndiye anusaye na ya mwenye mafua ndiye ajazaye, na katika watu wote wale wasomi na wasio wasomi, nikiwemo mimi mwenye mdomo mrefu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuziweka pamoja akazitazama.

Mwalimu alikuwa ameshasikia. Alikuwa ameshika spana kubwa, ile wanayopigia ngazi. Chuma kikigongwa, sauti inafika mpaka chini, na kugongwa mfululizo maana yake ni moja: rudini juu sasa hivi. Lakini hakugonga. Mkono wake ulibaki hewani.

"Pampu, nigonge au nisigonge?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa sijui hofu ni nini, kwa sababu ile niliyokuwa nayo iliongezeka maradufu. Kumbe hewa ya moshi ikiwa chini sana haikuangushi upesi. Uzito wa maji unausaidia mwili kustahimili. Ni ukianza kupanda ndipo inapokugeuka. Mtu anaweza kuzungukazunguka trekta anacheka moyoni, halafu akazimia njiani akiwa anarudi, na ukizimia majini mdomo wa hewa unakutoka. Haya aliniambia mume wangu mwenyewe miaka iliyopita, kwenye yale mahubiri yake ya chakula cha jioni nisiyoyasikilizaga. Siku hiyo niliyakumbuka yote, neno kwa neno.

"Gonga," akasema. "Kila wakikaa wanazidi kuivuta."

Mwalimu akaanza kugonga. Ngazi ikalia, kuta za mawe zikairudisha sauti. Twiga alikuwa amesimama, miwani usoni, mguu mmoja majini.

"Usiingie na mtungi huo!" mume wangu akamfokea.

"Niingie na upi? Yote si ya leo?"

Kweli, yote ilikuwa ya leo. Isipokuwa mmoja. Kuna mtungi wa akiba ambao huning'inizwa kwenye kamba ya boya, mita tano chini ya maji, pale ambapo wanaorejea husimama kidogo kabla ya kutokea. Una midomo miwili ya kupumulia. Haukuwa umetumika, kwa hiyo haukuwa umejazwa upya. Hewa yake ilikuwa ya wiki iliyopita, na wiki iliyopita upepo ulikuwa mahali pake. Hewa safi yote ya machimbo yale, ukiacha hii tuliyokuwa tunahema sisi, ilikuwa mle.

Nilipomaliza kuelewa hivyo, mume wangu alikuwa ameshavua shati.

"Mwenye mafua hazami!" Mwalimu akapiga kelele huku anagonga. "Pampu! Twiga aende!"

Mume wangu alichukua miwani ya mtu, sijui ya nani, akajitupa. Twiga alivua mtungi wake na kumfuata kwa kuogelea. Mimi nilibaki nimeshika kikombe cha chai cha Twiga, sijui nilikiokota lini, na sikujua nimekishika mpaka kiliponiunguza.

Alifika kwenye boya, akalishika, akavuta pumzi kwa mdomo, maana pua haikuwa na kazi, akaenda chini akiivuta kamba mkono kwa mkono. Nyayo zake nyeupe ndizo nilizoziona mwisho. Kisha palitokea mapovu mapya karibu na boya. Maana yake alikuwa ameupata mtungi na anapumua. Nikamshukuru Mungu, kisha nikaanza kuyatafuta mapovu mengine.

Fungu moja lilikuwa linakuja kwenye boya. La pili lilikuwa nyuma yake, dogo, linakatika. Linatoka, linakaa, linatoka. Niliyatazama yale mapovu kwa macho makavu, sikupepesa. Kila yalipokoma, nami nilikoma kupumua. Nilikuwa nasema maneno, Mwalimu aliniambia baadaye, lakini siyakumbuki. Anasema nilikuwa namgombeza mtoto: "Pumua basi, pumua, mbona unanifanyia hivi."

Kisha pale kwenye boya maji yakachafuka, mapovu yakachanganyikana, na sikuweza tena kujua la nani ni lipi.

Kichwa kikachomoza. Kimoja. Cha mume wangu.

Wewe mwenye mtoto, usiombe kukiona kichwa kikitoka majini halafu kisiwe chake. Damu ilikuwa inamtoka sikioni, imeshafika shingoni. Alikuwa anayumba kama mlevi, anatazama upande ambao hatupo.

"Mwanangu yuko wapi?" nikalia. "Yuko wapi?"

"Oksijeni!" akajibu. "Itayarisheni!" Akameza hewa, akazama tena.

Midomo ya hewa safi ilikuwa miwili. Mmoja alikuwa amempa Daktari, mwingine alikuwa amemtia mtoto kwa nguvu, na yeye akabaki hana. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba amerudi chini na mikono mitupu, na kwamba Mwalimu amedondosha spana na kukimbilia banda kuchukua chupa ya oksijeni, mwanamke wa miaka ile, anakimbia kwenye mawe.

Walitokea. Mume wangu alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, mdomo wa hewa amemkandamizia kwa kiganja. Kichwa cha mtoto kililala upande. Daktari alichomoza mwenyewe, akaogelea vizuri mpaka kwenye ngazi, akaweka mkono kwenye kidato cha kwanza, akalegea hapo hapo. Kama si Twiga kumdaka angerudi chini. Nilishuka ngazi na nguo zangu, mimi nisiyejua kuogelea, nikamvuta binti yangu kwa nywele na kwa mkanda na kwa chochote nilichokishika. Midomo yake ilikuwa myekundu, myekundu kuliko kawaida, na hilo liliniogopesha kuliko kama ingekuwa ya bluu. Tulipomlaza kwenye mawe na Mwalimu kumvalisha barakoa ya oksijeni, alikohoa, akatapika, akafungua macho. Alimtazama baba yake, si mimi.

Hospitalini waliwaweka wote wawili kwenye oksijeni. Daktari wa zamu akauliza, kalamu mkononi, nani alijaza mitungi. Daktari wetu wa meno, kichwa kinampasuka, akaanza kueleza kwamba klabu ina utaratibu, kwamba utaratibu ndio uliokuwa na kasoro.

"Mimi," mume wangu akasema. "Nilijaza mimi. Na mtoto aliniuliza."

Binti yangu alikuwa kitanda cha pili. Alisikia. Akageuza uso kwenye dirisha.

Walipona wote. Masikio ya mume wangu, moja lilipona, jingine halikurudi sawasawa. Klabu ilikaa kikao, na kwa kuwa hakuna mwenye ajira hakuna wa kufukuzwa, wakabadilisha sheria. Anayejaza si anayenusa, mlingoti ukawekewa kitambaa cha kuonyesha upepo, na mwenye mafua abaki nyumbani anywe chai. Daktari alimpigapiga mume wangu begani. Mwalimu alisema kosa ni la wote, na nadhani alimaanisha. Nyumbani ndiko kulikokuwa na ukimya. Mtoto hakununa, hakumkosea adabu baba yake, alimwandalia chakula na kumwekea dawa ya sikio. Ila lile suala la machimbo alikuwa halitaji.

Kisha jioni moja akaja pale sebuleni baba yake alipokuwa anafungua injini ndogo juu ya gazeti.

"Baba, nifundishe kujaza."

Sijawahi kumwona mwanaume yule amefurahi hivyo, hata siku ya ndoa yetu, ambayo alikuwa na homa. Alimchukua Jumamosi mbili mfululizo. Alimfundisha chujio, mafuta, presha, upepo, alimfundisha mpaka mambo ambayo hata Daktari hayajui. Usiku aliniambia, "Yamekwisha, mama watoto. Amenisamehe." Nikamwambia vizuri. Nilitaka iwe hivyo, kwa hiyo nikaamini.

Jumamosi ya tatu ndipo binti yetu alipokwenda kugusa trekta kwa mara ya pili. Nilikuwepo, ingewezekanaje nisiwepo. Mume wangu alikuwa ameamka mapema kuliko wote. Alikuwa amejaza mtungi mmoja kwa ajili yake, Mwalimu ameunusa mara tatu, utepe umebandikwa, ameufuta mpaka unang'aa, ameuweka mwanzo wa ubao.

Binti yetu alifika, akatusalimia wote kwa heshima zote, akaingia bandani. Tukaisikia kompresa ikiwaka. Akatazama upepo, akasogeza mlingoti, akajaza mtungi wake mwenyewe, akaunusa mwenyewe, akampa Mwalimu naye aunuse, akaubeba begani. Alipita mbele ya ubao. Aliuona ule wa mwanzo, lazima aliuona, ulikuwa pale kwenye njia. Akaupita.

"Nashuka, Mama," akasema. Akafikiri kidogo. "Baba, nashuka."

"Haya, mwanangu," akajibu baba yake. "Nenda polepole."

Alipotoweka majini nyuma ya Daktari, mume wangu alikaa kwenye jiwe. Kisha akauvuta ule mtungi katikati ya miguu yake, akabandua utepe, akafungua vali mpaka mwisho. Hewa ikaanza kutoka kwa kelele. Inachukua muda mrefu mtungi kuisha. Nilikwenda nikakaa karibu naye, upande wa sikio lake zima, nikainusa. Ilikuwa hewa safi kabisa.